Mtoto wa mbwa wa miezi 2 kushinda peke yake

Ndugu, umeuliza kama mtoto wa mbwa wa miezi 2 anaweza kubaki peke yake nyumbani kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku ukiwa kazini. Huo ni muda mrefu mno kwake. Umri huo anabana mkojo masaa mawili, labda matatu, basi. Ukirudi ukakuta sebule imelowa usimchape, hajakosea kitu. Tena anatakiwa kula mara 3 au 4 kwa siku, kwa hiyo lazima apatikane mtu wa kupita mchana. Mimi nilikuwa namwachia mama jirani ufunguo na ugali wa dagaa (bila chumvi wala kitunguu), anamlisha saa 6, anamtoa uani kidogo.

Usimfunge mnyororo! Mzungushie kona yenye kivuli, maji kwenye bakuli zito asilipindue, na kamba nene yenye fundo atafune. Ukimpa kandambili kuukuu atajua zote ni zake. Asizurure mtaani kabla hajamaliza chanjo za parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa); ya kichaa cha mbwa huchomwa akifika miezi 3.

Kama hakuna kabisa wa kupita mchana, chukua mbwa aliyekwishakua. Huyo ukimtembeza asubuhi anavumilia zaidi.