Tovuti yako haionekani Google? Angalia haya kwanza

Natengenezea tovuti watu wa maduka, gereji na shule hapa Lubumbashi. Swali linalorudi kila mara ni hili: “Tovuti iko hewani, nimelipa, mbona Google hainioni?”

Kabla ya kumlaumu mtu, fungua Google, andika site: kisha anwani yako bila kuacha nafasi. Kurasa zako zikitokea, basi Google inakujua, ila inakuweka nyuma ya wengine. Isipotokea hata moja, ama haijapita kwako bado, ama umeizuia.

Kwa wanaotumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kizuizi huwa ni kisanduku kimoja. Ingia Réglages (mipangilio), kisha Lecture (kusoma), utazame chini: kuna mahali pa kuziomba injini za kutafuta zisiiorodheshe tovuti. Mafundi huweka alama hapo wakati kazi inaendelea, na siku ya kukabidhi hawakumbuki. Iondoe. Halafu ongeza /robots.txt mwishoni mwa anwani yako; ni faili inayoziambia roboti, yaani programu za injini za kutafuta zinazopita kwenye tovuti, wapi zisiingie. Ukikuta “User-agent: *” na chini yake “Disallow: /”, umezifukuza roboti zote.

Kisha jiandikishe Google Search Console, huduma ya Google ya kukuonesha inavyoiona tovuti yako. Ni bure. Utathibitisha kwamba tovuti ni yako, kwa mfano kwa kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi utakaopewa na Google) pale uliponunua jina la tovuti, halafu utaipa ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress hutengeneza ramani hiyo yenyewe kwenye /wp-sitemap.xml. Omba ukurasa wa kwanza uorodheshwe, usubiri. Inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki kadhaa, na kubonyeza tena na tena hakuharakishi kitu. Bing, injini ya kutafuta ya Microsoft, nayo ina huduma kama hiyo. Usiidharau, maana DuckDuckGo, injini nyingine, huchota sana kwake.

Hayo yote ni ya jioni moja. Kazi yenyewe ni maneno.

Nilimtengenezea tovuti muuzaji wa betri na paneli za sola, Kamalondo. Ukurasa wake wa kwanza alitaka uitwe “Bienvenue”, yaani “Karibu”. Nani anatafuta “Bienvenue”? Nikamwomba anioneshe WhatsApp yake. Wateja walikuwa wanauliza jambo lilelile kutwa: betri ya 200Ah inashika frigo saa ngapi umeme ukikatika? Naye anawajibu kwa sauti, vizuri kabisa: ya volti 12 inabeba wati-saa 2,400, lakini tumia nusu tu isife mapema, frigo inayokula wastani wa wati 100 itakaa chini kidogo ya saa 12, kwa sababu inveta, kile chombo cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inakula yake. Jibu hilo ndilo ukurasa. Tukaliandika, swali likawa kichwa chake.

Halafu kuna suala la lugha. Mteja wetu anaongea Kiswahili dukani, akishika simu anaandika Kifaransa: “batterie gel 200Ah prix Lubumbashi”, yaani bei ya betri ya jeli ya 200Ah Lubumbashi. Kwa hiyo mimi huandika ukurasa wa Kifaransa na mwingine wa Kiswahili, kila mmoja peke yake. Kuchanganya aya kwa aya kunamchosha msomaji, na Google haijui ukurasa ni wa nani.

Kama una duka la kuingilika, weka pia wasifu wa biashara kwenye Google, wenye avenue, komini na namba ya simu ileile iliyo kwenye tovuti.

Atakuja mtu kukuuzia “nafasi ya kwanza Google”. Mwambie asante, baba, aende. Google haipokei pesa kupandisha matokeo ya kawaida. Kinacholipiwa ni matangazo, nayo huwekewa alama. Vifurushi vya viungo (linki) mia vinavyoelekeza kwako kutoka tovuti zisizojulikana vinavunja kanuni zake, na vinaweza kukushusha.

La mwisho: jina la tovuti na Search Console vifunguliwe kwa barua pepe yako mwenyewe, hata kama fundi ni shemeji yako. Akihamia Kolwezi na kubadilisha namba, utabaki na tovuti usiyoweza hata kurekebisha bei.