Re: Foleni OPD (idara ya wagonjwa wa nje), tuanzie wapi?
Mkuu, umeuliza mtapunguzaje foleni OPD bila kuongeza daktari. Anzeni kwa kupima, kila mgonjwa apewe kikaratasi aandikiwe saa aliyofika mapokezi, malipo, kwa daktari, maabara, dirisha la dawa. Wiki moja tu inatosha. Sisi tulikuta daktari wala sio tatizo, watu walikuwa wanakwama kwa keshia mara mbili, kabla ya kumuona daktari na tena kabla ya vipimo, bibi wa watu kashika karatasi ya maabara anarudishwa mwisho wa foleni, inauma sana aisee. Halafu wale wa presha na sukari wanaofuata dawa zilezile kila mwezi, hali ikiwa imetulia wapeni za miezi 3 kama CTC (kliniki za wanaotumia dawa za VVU) wanavyofanya. Na msiwaite wote saa moja asubuhi, wagawieni masaa.