Mwekezaji wa miguuni: je, soksi ni mali au ni matumizi?

Mwenzetu ameuliza, bila shaka kwa utani, kama mtu mwenye droo iliyojaa soksi anaweza kujiita mwekezaji. Kwa kuwa nimeshikilia mali ya aina hiyo kwa miaka mingi, nathubutu kujibu kwamba anaweza, ila ajue mapema kuwa soko hili hushuka hadi kwenye vifundo vya miguu, na kwamba uchakavu, ambao wahasibu huuandika kwa makadirio, hapa huonekana kwa macho, kwanza kisiginoni na kisha penye kidole gumba.

Penye utamu zaidi ni suala la mseto. Washauri wa fedha hutuhimiza tutawanye mtaji ili hasara ya upande mmoja isituangushe, lakini kwenye soksi kanuni hiyo hupinduka. Chukua jozi 10, kila moja na rangi yake, kisha tuseme soksi 6 zimepotea ovyo mahali fulani kati ya kamba ya kuanikia na droo. Ukibahatika sana, zilizopotea zitakuwa jozi 3 kamili, nawe utabaki na jozi 7. Mambo yakienda mrama kabisa, kila iliyopotea itakuwa imeacha mjane, nawe utabaki na jozi 4 tu. Ukipiga hesabu, utakuta uwezekano wa matokeo hayo mabaya ni zaidi ya mara 100 ya ule wa matokeo mazuri. Lakini kama soksi zote 20 ni za aina moja, 14 zilizobaki ni jozi 7 bila ubishi, na ukwasi wake, yaani wepesi wa kuigeuza mali kuwa malipo, hauna mfano, maana hata umeme ukikatika, zozote mbili utakazozipapasa gizani zinalipa papo hapo.

Ndiyo maana karibu mtaji wangu wote uko kwenye soksi nyeusi za aina moja, ambazo huzinunua kwa mkupuo, kwa sababu mtengenezaji akibadili ufumaji au urefu wa shingo, toleo jipya halioani na la zamani hata rangi zikifanana. Punguzo la bei nalo halidharauliwi: Warren Buffett mwenyewe, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, katika barua yake kwa wanahisa kuhusu mwaka 2008, alizitaja soksi na hisa kwa pumzi moja aliposema kwamba hupenda kununua bidhaa bora bei yake inapokuwa imeshushwa.

Kuhusu kulinda mtaji sina mengi, isipokuwa kwamba maji ya moto sana huilegeza lastiki, na soksi iliyoporomoka kwa sababu hiyo haipandi tena. Ikitoboka, ile ya sufu nene huiongezea mtaji wa sindano na uzi; ile nyembamba huifungia hesabu na kuihamishia kwenye idara ya kung'arisha viatu, ambako kazi haidai jozi.