Uliza Fundi: Pancha naziba kila siku, hela siioni

Mwezi huu barua za watu wa baiskeli zimekuja nyingi, sijui mmeambiana. Nimechagua tatu nizijibu kwa mpigo maana zinagusana.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni fundi baiskeli wa kutembea, sina kibanda, napigiwa simu namfuata mteja alipo. Huu mwezi wa nane sasa. Kazi zipo sikatai, kuna siku napata simu hata 6, ila jioni nikihesabu hela ya kueleweka hamna na magoti yanauma. Zaidi ya nusu ni pancha tu. Jamaa yangu ana kibanda, hatembei popote, na ananizidi. Nami nikatafute kibanda au kuna mahali nakosea? – Mchovu wa Pedali

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole na magoti.

Hebu tupige hesabu pamoja. Pancha moja ukiwa umezoea ni dakika 20, tuseme. Kumfuata mteja nusu saa, kurudi nusu saa. Simu 6 hizo ni saa 2 za ufundi na saa 6 za barabarani, sasa hizo 6 nani anakulipa? Jamaa yako anauza dakika 20 zake zote. Wewe unamtoza mteja bei ileile ya kibandani afu unamtembelea bure, ndo maana anakuzidi, wala hajakuzidi ufundi.

Kwa hiyo bei yako lazima iwe na vipande vitatu na mteja avisikie vyote kwenye simu kabla hujapanda baiskeli: hela ya safari, hela ya ufundi, na spea kama itahitajika. Hela ya safari inalipwa hata ukifika ukakuta hakuna cha kutengeneza. Hili nalisema kwa uchungu, maana nilipoanza niliona aibu kuitaja. Siku moja nikapiga pedali kama dakika 50 kwenye jua kufuata pancha, nafika namkuta mwenye baiskeli anacheka, kumbe valvu ilikuwa imelegea tu, kaikaza mwenyewe kajaza upepo na baiskeli inatembea. Nikapewa maji ya kunywa na asante nyingi. Asante hainunui solusheni. Tangu siku hiyo safari naitaja mwanzo kabisa, na ndiyo, wapo wanaokata simu, waache wakate, hao wa kibandani wanawafaa zaidi.

La pili, simu yenyewe uitumie vizuri. Mteja akisema "tairi imekwisha niletee nyingine" usikimbilie kununua, mwambie apige picha ubavuni mwa tairi pale penye namba. Watu wengi wanajua tu kusema "ni 26", na 26 siyo saizi moja. Tairi iliyoandikwa 26 x 1.95 na iliyoandikwa 26 x 1 3/8 haziingiliani hata uzilazimishe kwa goti, ya kwanza inakaa kwenye rimu ya 559 na ya pili rimu ya 590. Ndo maana ile namba yenye kistari katikati, mfano 37-622, ni ya kuamini kuliko inchi: 37 ni upana kwa milimita, na 622 ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu, hiyo ikitofautiana hata kidogo tairi haikai. Muulize na valvu pia, nene kama ya gari au ile nyembamba yenye kinati juu. Picha mbili zinakuokolea safari nzima ya kurudi, na safari ya kurudi hutamtoza mtu kwa sababu kosa ni lako.

La tatu ndipo penye hela hasa. Ukishafika kwa mteja safari umeshaitumia, sasa itumie mpaka iishe. Baada ya kuziba pancha chukua rula weka kwenye mnyororo, anzia katikati ya pini moja uhesabu pini 24 mbele, mnyororo mpya unakupa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi mnyororo umechoka, ikifika 1/8 ujue umeshakula na meno ya friwili, hapo ukibadilisha mnyororo peke yake utaruka. Mwonyeshe mwenyewe kwa rula, asome kwa macho yake. Minya spoki mbilimbili kwa vidole usikie zilizolegea, angalia mpira wa breki umebaki kiasi gani, shika tairi la mbele ulitikise pembeni usikie kama gololi zinacheza. Dakika 5 tu. Kama kitu ni kizima sema ni kizima, tafadhali usimtishe mtu kwa ugonjwa usiokuwepo, fundi anayejua kutisha anapata hela mara moja tu. Lakini kwa uzoefu wangu baiskeli iliyokaa bila fundi mwaka mzima haikosi kitu, na kazi hiyo ya pili haina safari ndani yake.

Halafu tafuta mahali penye baiskeli nyingi pamoja. Shule, walinzi, wanaosambaza mizigo kwa baiskeli. Huyu wa mizigo baiskeli ikilala na yeye kalala njaa, kwa hiyo habishani sana bei, anabishana muda. Mpe siku yake maalum, mfano kila Jumatatu asubuhi kabla hajaanza kazi. Baiskeli 8 sehemu moja ni safari moja ukigawa kwa nane, hapo hata ukipunguza bei umepata kuliko zile simu zako 6. Na hao wa majumbani wapangie kwa upande, leo upande huu kesho ule, siyo unavuka mji asubuhi unauvuka tena mchana kama barua iliyokosewa anwani.

Kibanda? Mi nisingekimbilia. Kibanda kina kodi, na kinasubiri mteja aikokote baiskeli mwenyewe. Tengeneza kwanza bei yako, uone miezi mitatu. Na daftari uwe nalo, kazi, saa uliyotoka, saa uliyorudi, siyo hela peke yake. Wa mali kauli nao waandike humohumo.

SWALI: Fundi mimi pancha zangu zinarudi. Mteja nimemzibia leo, kesho ananipigia anasema tairi liko chini na anataka nije bure. Solusheni nanunua nzuri tu. Nimeanza kugombana na watu. – Kiraka

JIBU: Solusheni inasingiziwa sana. Kwanza kabla hujagombana angalia tundu la leo na la jana ni lilelile? Kama kiraka chako kinavuja, basi ni haraka: unapaka na kubandika hapohapo ikiwa mbichi. Piga msasa mpaka mng'ao wa mpira uishe, paka eneo pana kuliko kiraka, halafu subiri mpaka ikauke, ukigusa pembeni isikunate kidole kama asali. Ndo ubandike na ukandamize kutoka katikati kwenda nje.

Kama tundu ni jipya, tatizo hukuliondoa. Tundu upande wa nje wa tyubu, tafuta mwiba au kichupa ndani ya tairi, pitisha kitambaa taratibu usije ukakata vidole, mara nyingi ni kitu kidogo kuliko punje. Tundu upande wa rimu, angalia utepe unaofunika vichwa vya spoki umehama. Matundu mawili yakiwa sambamba kama kaumwa na nyoka, hapo upepo ulikuwa mdogo na mtu kagonga jiwe au tuta, huyo anahitaji pampu kuliko anavyokuhitaji wewe. Kabla ya kutoa tyubu weka alama ilikokaa dhidi ya tairi, ukipata tundu unajua moja kwa moja mwiba utafutwe wapi.

Bure nenda kiraka chako kikivuja. Mwiba mpya analipa.

SWALI: Kaka habari. Mimi ni dada wa miaka 24, nimejifunza ufundi kwa mjomba na nataka kuanza kuwafuata wateja kwa baiskeli yangu. Mjomba anasema nisubiri nipate vifaa vyote. Vifaa vyote ni vipi na nitabebaje? – Binti Spana

JIBU: Nzuri dada. Mjomba heshima yake, ila vifaa vyote havijawahi kupatikana hata kwangu. Anza na vinavyoingia begi moja: pampu yenye vichwa vya valvu zote, vijiko vitatu vya tairi, viraka, msasa, solusheni mbili (moja huwa inakauka siku unayoihitaji), spana za 8 mpaka 15, zile funguo za pembe sita namba 4, 5 na 6, bisibisi, plaizi, kikatio cha mnyororo, ufunguo wa spoki, mafuta na kitambaa. Ile spana moja inayoenea kila nati, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika hapa, ibebe lakini usiizoee, inakula pembe za nati.

Pedali ya kushoto inafunguka kinyume na ulivyozoea, kuifungua unazungusha kulia. Najua mjomba kakwambia, nakwambia tena maana nimeshaona watu wazima wakiisimamia kwa miguu miwili huku wanaikaza.

Na mwanzoni zipo kazi za kukataa. Breki za mafuta kwa mfano, nyingine zinatumia mafuta ya madini na nyingine za DOT, ukizichanganya mipira ya ndani inavimba na breki umeiua. Mwambie mteja hii siifanyi bado, nakutengenezea hizo nyingine. Utakapokuja kuzijua atakuwa wa kwanza kupigiwa simu.