Kabla hujampeleka mwanafunzi wa famasia kiwandani au mtaani

Hati ya makubaliano kati ya kitivo cha famasia na kiwanda cha dawa haina ugumu kuipata. Wakubwa wanakutana, wanatia sahihi, picha zinapigwa, nakala inaingia kabatini kwa mkuu wa kitivo. Mtihani unakuja siku mwanafunzi anapofika getini na mlinzi anamuuliza, "Umekuja kwa nani?" Mimi ni mwalimu ninayeratibu mafunzo kwa vitendo, na sasa ushirika wowote naupima kwa swali hilo. Kama ndani hakuna mtu anayemsubiri kijana huyo, tena akiwa na kazi ya kumpa, basi tulichonacho ni ziara tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa walimu wenzangu: usiende kiwandani kuomba nafasi. Nenda kuuliza kinachowasumbua. Ukiomba nafasi 20, utamkuta meneja anayekuhesabia mzigo. Ukimuuliza vidonge vyake vinampa shida gani, atavuta kiti.

Kiwanda kimoja tulichofanya nacho kazi kilikuwa na kidonge kilichokuwa kikibanduka kipande cha juu kikitoka kwenye mashine. Darasani tunafundisha sababu zake zote kwa dakika chache: chembechembe zimekauka kupita kiasi, gundi haitoshi, mashine inakwenda mbio, hewa imenaswa ndani. Wanafunzi wanaziandika na kuzijibu kwenye mtihani. Pale kiwandani mwanafunzi wetu alipewa kazi moja tu, kupima unyevu wa chembechembe mwanzo na mwisho wa kila zamu, kisha kupima ugumu na umomonyokaji wa vidonge vilivyotoka. Kipimo cha umomonyokaji chenyewe ni rahisi: vidonge vinawekwa kwenye pipa dogo linalozunguka mara 100, vinapanguswa vumbi, vinapimwa uzito tena, na kwa kawaida visipoteze zaidi ya asilimia 1. Ila mtu wa kukaa na kazi hiyo zamu baada ya zamu, na kuichora kwenye karatasi, hawakuwa naye. Mwanafunzi ndiye alikuwa na muda huo.

Fundi wa mashine alikuwa akijua tangu zamani kwamba tatizo linazidi chembechembe zikilala kwenye kikaushio wakati wa kubadilishana zamu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mchoro wa mwanafunzi ulimpa fundi ushahidi, na meneja wa uzalishaji akapata sababu ya kusikiliza. Mwaka uliofuata somo letu la ubanaji wa vidonge lilianza na mchoro ule, jina la bidhaa likiwa limefutwa.

Hapo kwenye kufuta jina pana jambo la kuwekwa sawa mapema, kabla mwanafunzi hajavaa koti jeupe. Ripoti ziwe mbili. Moja, yenye majina na viwango vya viambato, inabaki kiwandani. Nyingine inarudi chuoni ikiwa na kile tu kinachofaa kufundishwa. Na kama matokeo yanaweza kuwa utafiti wa kuchapishwa, kubalianeni kwa maandishi nani ana haki gani. Ukilisubiri suala hili mpaka kijana amalize kuandika, utagombana na watu uliowahitaji.

Kuna mengine ambayo kiwanda kinayafundisha kuliko sisi. Mwanafunzi aliyezoea kufuta makosa kwa wino mweupe anashangaa kuambiwa kwamba kwenye kumbukumbu za uzalishaji wino huo ni marufuku: unakata kwa mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, unaandika lililo sawa, unatia sahihi yako na tarehe. Kisichoandikwa kinahesabiwa hakikufanyika. Darasani huwa nawasimulia mkasa wa Marekani wa mwaka 1937, dawa ya maji ya sulfanilamide iliyoyeyushwa kwa diethylene glycol, kimiminika chenye sumu, bila kupimwa usalama wake, ikaua watu zaidi ya 100 na kuzaa sheria mpya ya dawa mwaka 1938. Wanasikiliza kama hadithi ya mababu. Nawaambia pia kwamba Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na sumu ya aina hiyohiyo. Bado wanasikiliza tu. Mwanafunzi akisimama kwenye ghala la malighafi na kuona pipa la gliserini, kiambato ambacho sumu hiyo huweza kuchanganyika nacho, limezuiliwa, lina lebo ya karantini, na halitaguswa mpaka maabara iseme, hapo ndipo hadithi inapomwingia.

Sasa jamii. Hapa nitasema wazi, hata kama nitawaudhi wenzangu: siku za kampeni zenye fulana na vipaza sauti sizipendi. Zinachosha wanafunzi, zinajaza ripoti ya mwaka, na watu wanarudi nyumbani na kipeperushi. Mwanafunzi atajifunza zaidi akikaa na mgonjwa mmoja, kwa ridhaa yake, na kumwomba jambo dogo: "Mama, nionyeshe unavyoitumia."

Asiulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo, kwa heshima au kwa haraka ya kuondoka. "Nionyeshe" ndiyo inayofungua mambo. Chukua antibayotiki ya unga ya mtoto, ile ya kuchanganya na maji. Maelekezo mafupi yanasema tikisa, weka maji mpaka kwenye mstari. Mzazi anaweka maji, anatikisa, povu linapanda mpaka kwenye mstari, anaona kazi imekwisha. Povu likitulia, maji yako chini ya mstari. Dawa imekuwa nzito kuliko ilivyokusudiwa, na itakwisha kabla ya siku zake. Kisha kinakuja kijiko: dozi imeandikwa mililita 5, kijiko cha jikoni kinabeba kinachobeba. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho hatasahau kumpa mzazi kipimo, na hatasahau kumwambia asubiri povu lishuke ndipo aongeze maji.

Kipulizi cha pumu ni vilevile. Kabla hujamtuma mwanafunzi kumfundisha mgonjwa, mwambie akitumie yeye kwanza mbele ya wenzake, kwa kipulizi kisicho na dawa: kutikisa, kutoa pumzi nje, kubonyeza huku akianza kuvuta polepole, kuizuia pumzi kama sekunde 10. Wengi wanaobonyeza kwanza na kuvuta baadaye ni haohao waliopata alama za juu kwenye somo la magonjwa ya mapafu.

Kinachonifanya niseme chuo kishirikiane na pande zote mbili kwa pamoja ni jambo lililotoka kwenye chupa hizo za unga. Kundi lililokuwa mtaani lilileta malalamiko kwamba chupa za toleo moja "hazilingani", mstari uko juu kwa hii na chini kwa ile. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa ametoka kiwandani alielewa mara moja: mstari ule ulichapwa kwenye lebo, haukuwa kwenye chupa. Lebo ikibandikwa chini kidogo, mstari nao unashuka, na mtoto anapata dawa nzito. Kwenye mashine ya kubandika, wakaguzi walikuwa wakiangalia lebo isiwe na mikunjo wala kukaa upande. Urefu wake kutoka kitako cha chupa ulikuwa kwao suala la sura tu. Hapakuwa na mzembe yeyote hapo. Waliojua mstari huo unatumikaje hawakuwa wamewahi kukutana na waliokuwa wakiubandika, na njia pekee kati yao ilikuwa yule mwanafunzi.

Miongozo ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Shirikisho la Kimataifa la Famasia, FIP, ya mwaka 2011, inampa mfamasia majukumu makubwa manne: dawa yenyewe, usimamizi wa tiba, kujiendeleza kitaaluma, na mchango wake kwa mfumo wa afya na umma. Mitaala mingi inayataja yote. Tatizo ni kwamba kila jukumu linakaa kwenye somo lake, na mwalimu wake, na ofisi yake.

Tahadhari kuhusu zawadi. Kampuni ikitaka kushirikiana nanyi, angalia nani ametumwa. Wakija watu wa uzalishaji au wa udhibiti ubora, karibisheni kwa mikono miwili. Wakija watu wa mauzo na kalamu zenye jina la bidhaa, wapokeeni kwa adabu, lakini wasiingie darasa la tiba. Kifaa cha maabara kilichotolewa msaada ni kizuri, mradi hakiji na sharti la nani atatajwa kwenye slaidi.

Wafamasia wanaowapokea wanafunzi wetu kazini tunawatendea vibaya. Tunawapelekea fomu ya kurasa nyingi ya kuweka vema, wanaiweka vema yote jioni moja, halafu tunalalamika kwamba kila mwanafunzi amepata "bora sana". Fomu yangu siku hizi ina maswali matatu: alifanya nini peke yake, wapi ulilazimika kumzuia, na je, ungemwajiri? La mwisho linajibiwa kwa ukweli wa kushangaza. Wapeni na kitu cha kuwafaa: ruhusa ya kusoma majarida ya maktaba yenu, cheti kinachohesabika kwenye pointi zao za kujiendeleza kitaaluma, nafasi ya kuja kufundisha kipindi.

Nawe mwanafunzi, wiki ya kwanza sikiliza. Waheshimu wenye mikono iliyochafuka, kwa kuwa ndio watakaokuambia mambo yasiyoandikwa popote. Omba zamu ya usiku angalau mara moja, maana mchana viongozi wapo na kila kitu kimenyooka. Kwenye duka la dawa, simama mahali unapoweza kusikia mgonjwa anavyouliza, siyo nyuma kwenye rafu.

Walimu, kabla ya kuchapa ratiba ya muhula, piga simu kiwandani uulize mashine zinasimama lini kwa matengenezo. Likizo zetu zina tabia ya kuangukia hapohapo, na mwanafunzi anakaa siku nzima akitazama watu wakifunga na kufungua nati. Mengine ya ratiba mtajadiliana nao wenyewe.