Usimrudishe Morogoro

Kongwa, Dodoma

Mwanangu,

Mbukwenyi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya pili nilikuwa na mama yako, na ya tatu nilitoka nje peke yangu, maana yeye alianza kulia aliposikia sauti ya mjukuu wake ikipita nyuma yako. Hapa hatujambo. Mvua imechelewa na mtama wa jirani umeungua, ila ng'ombe wamo zizini na maziwa hayakosekani ya chai.

Umeniuliza mambo mawili. Binti yako yuko darasa la kumi huko Des Moines, Iowa, na anasema atakuwa daktari wa mifugo kama babu. (Babu hakuwa daktari, alikuwa afisa mifugo wa kata mwenye stashahada ya Mpwapwa na pikipiki mbovu, lakini tusimharibie.) Unataka kujua kama umrudishe amalize sekondari hapa kisha aende SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro. Na kama anabaki, afanye nini sasa, wakati shule imemweka kwenye darasa la Kiingereza la wageni na kumwambia kemia ingoje mpaka lugha ikae sawa.

Abaki. Hesabu yako naielewa, hata mimi niliipiga. Hapa mtoto akimaliza kidato cha sita na PCB nzuri (fizikia, kemia na baiolojia) anaingia Sokoine moja kwa moja, miaka mitano ametoka daktari. Huko kwenu kwa kawaida anasoma kwanza digrii ya miaka minne, ndipo aombe udaktari wa mifugo ambao nao ni miaka minne. Kwa mzazi anayelipa, miaka mitano inavutia kuliko minane.

Ila nilimpigia simu kijana mmoja aliyefanya mafunzo ya vitendo chini yangu, akasoma Morogoro, kisha akahamia huko. Alicheka aliposikia hesabu yetu. Chuo cha Morogoro hakina ithibati ya chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, kwa hiyo digrii yake peke yake haikumpa leseni. Kuna mpango wa hatua nne kwa waliosoma vyuo vya namna hiyo: kuhakikiwa vyeti, mtihani wa Kiingereza, mtihani wa nadharia, na mwisho mtihani wa vitendo wa siku kadhaa mbele ya wasimamizi. Juu ya hayo kuna mtihani wa leseni ambao hata waliozaliwa huko wanaufanya. Miaka yote hiyo alikuwa anaosha vizimba vya mbwa, digrii iko kwenye sanduku. Sasa ni daktari kamili na mwenye heshima zake, lakini aliniambia, "Mzee, kama mtoto anataka kufanya kazi huku, asizunguke nilikozunguka mimi." Siku binti akisema anataka kuja kutibu ng'ombe wa Kongwa, hapo tutazungumza mengine.

Sasa kemia. Hapo ndipo nataka ugombane, kwa adabu lakini ugombane.

Mtoto huyu hakutoka porini. Kemia, baiolojia na fizikia alizianza kidato cha kwanza hapa, tena kwa Kiingereza, maana sekondari zetu ndivyo zinavyofundisha. Kiingereza chake cha kuongea kinakwama, ndiyo, lakini neno "asidi" hakulisikia mara ya kwanza Iowa. Kemia ikisogezwa mpaka darasa la kumi na mbili, huko chuoni atakutana na kemia ya jumla, kisha ya kaboni, kisha baiokemia, zote zinadaiwa kabla ya kuomba udaktari wa mifugo, na msingi utakuwa wa mwaka mmoja wa haraka haraka. Darasa la Kiingereza aendelee nalo, halina aibu. Ila viende pamoja.

Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda shule yake ya zamani hapa. Mwalimu wa taaluma alizitafuta ripoti zake kwenye kabati la chuma ambalo droo yake inafunguka kwa kupigwa ngumi, akatoa nakala za kidato cha kwanza na cha pili, mkuu wa shule akagonga muhuri kila ukurasa. Nimezipiga picha, nimekutumia. Zenyewe zitakuja na mtu. Omba kikao na mshauri wa wanafunzi, na uombe mkalimani wa Kiswahili hata kama unaelewa, kwa sababu mtu akigombana kwa lugha ya kuazima anaishia kukubali tu. Shule za umma huko zinatakiwa kumweleza mzazi kwa lugha anayoielewa, na humlipi mkalimani. Mwekee ripoti mezani, umuulize: anahitaji nini ili aingie kemia muhula ujao? Usiulize kama anaweza kuingia.

Hesabu nazo asiziache mwaka wowote, na kama kuna ya takwimu aichukue.

Unasema hujui pa kumpeleka aone kazi yenyewe. Nimeshangaa kidogo. Kiwandani kwenu kwa nyama, hapo unapopita kila zamu ya usiku, kuna daktari wa mifugo wa serikali anayekagua wanyama kabla hawajachinjwa. Ni sheria ya huko. Mtafute wakati wa mapumziko, umsalimie, umwambie una binti. Watu wanadhani daktari wa mifugo ni wa mbwa na paka tu, kumbe yule anayezuia nyama mbovu isifike sokoni ni daktari pia. Hata akikwambia hawezi kumpokea mtoto humo, atakujulisha kwa mwingine.

Halafu Iowa, naambiwa, nguruwe ni wengi kuliko watu mara kadhaa. Basi ajifunze nguruwe! Shuleni kwake aulize kama kuna klabu za vijana wa kilimo, 4-H au FFA. Humo mtoto wa mjini asiye na shamba hupata njia ya kufika kwenye mnyama. Yule kijana niliyempigia simu ananisimulia kuna mabanda ya nguruwe ambayo huingii mpaka uoge na kubadili nguo zote, na ukitoka unaoga tena. Mimi niliyeingia mazizi manne kwa siku na buti zile zile nilinyamaza. Na mkija Desemba, mkirudi huko msikaribie banda la nguruwe kwa siku kadhaa, na msibebe nyama. Homa ya nguruwe ya Afrika sisi tunayo, wao hawana, na wana haki ya kuiogopa.

Pia achukue Kihispania. Kwenye mashamba ya huko wanaowashika wanyama kila siku wengi wanaongea hicho. Ana Kigogo, Kiswahili na Kiingereza, cha nne hakitamshinda, na hapa nina sababu yangu.

Unakumbuka mvua za mwisho wa 2006, zile zilizozidi. Mwanzoni mwa 2007 mama mmoja mzee aliniita, mbuzi wake wanatupa mimba zizi zima. Nikafika, nikashika kondo kwa mikono mitupu, nikaandika kwenye daftari langu "brusela", ugonjwa mwingine unaotupisha mimba. Yule mama akaniambia kwa Kigogo kwamba ni mbu, tangu mvua hizi mbu wamekuwa si wa kawaida, na kwamba mwaka mmoja zamani baba yake aliona hivyo hivyo. Nikamjibu kama mtu mwenye cheti anavyomjibu asiye nacho. Siku chache baadaye taarifa zikaja: homa ya Bonde la Ufa, inaenezwa na mbu, na binadamu anaipata kwa kushika damu na mimba kama nilivyoshika mimi. Zaidi ya watu 100 walikufa nchini, na mkoa wetu ndio ulioumia zaidi. Mimi nilipona kwa bahati tu. Mama yako hakujua kwa nini wiki ile nililala chumba cha nje, sasa amejua kwa sababu anasoma barua hii begani kwangu.

Mwenye mnyama ameshamtazama siku thelathini kabla wewe hujafika. Usipojua lugha yake, au ukijua na ukajifanya hujui, umetupa nusu ya vipimo.

Binti yako macho anayo tayari. Alikuwa na miaka minane, amekaa juu ya boma, akaniambia, "Babu, yule mwekundu hatafuni." Ng'ombe wote wamelala wanacheua, huyo mmoja kinywa kimetulia. Nikamshika, joto 41, tezi ya chini ya sikio imevimba kama embe bichi. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe. Tulimdunga siku hiyo hiyo akapona, na ndama wake wawili bado wako hapa. Mimi nilikuwa nimempita asubuhi.

Kwa hiyo mnunulie daftari gumu, si simu. Kila mnyama atakayemwona, iwe kituo cha mbwa waliotelekezwa au shamba la mtu, aandike tarehe, alikuwa na nani, masaa mangapi, mnyama alifanya nini. Vyuo huja kuuliza masaa, tena wanatenganisha uliyokuwa chini ya daktari na uliyokuwa na wanyama tu. Ya sekondari wanaweza wasiyapime sana. Aandike hata hivyo.

Kuhusu ada, msihamehame majimbo. Chuo cha udaktari wa mifugo cha Iowa kiko Ames, cha tangu 1879, na kutoka kwenu ni kama kutoka Dodoma mjini hadi Bahi. Mkazi wa jimbo analipa pungufu kuliko mgeni. Na kwa kuwa mna Green Card, msaada wa masomo wa serikali anaweza kuuomba, zile fomu mzijaze mapema akiwa darasa la mwisho.

Mama yako anauliza kama anakula vizuri. Ukurasa wa kwanza wa daftari anitumie picha, na auandike kwa Kiswahili, miwani yangu haipendi Kiingereza.

Baba yako