Kijana anakesha usiku: ni ujana tu au anaumwa?

Dada, umeuliza kama kijana wako wa miaka 15, anayekesha usiku, asubuhi haamshiki na akisemeshwa anafoka, ana kiburi au anaumwa. Mimi nimekosea pande zote mbili kwa mwanangu, ndiyo maana naandika.

Kwanza nilimgombeza. Nikamnyang'anya simu, nikamwita mvivu. Baadaye nikajifunza kwamba mtoto akibalehe saa ya mwili wake huchelewa: melatonini, homoni inayoleta usingizi, hupanda usiku ukiwa umeshakwenda, wakati bado anahitaji kulala saa 8 hadi 10. (Simu kitandani inazidisha, lakini si yenyewe iliyoanzisha.) Kufoka nako kuna chanzo chake. Amigdala, sehemu ya ubongo inayowaka upesi kwa hofu na hasira, hutangulia kukomaa. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima mambo na kuzuia, huendelea kujengeka hadi miaka ya ishirini na kitu.

Nikapoa. Nikapoa kupita kiasi, kila kitu nikakiita ujana.

Siku moja nafagia chumbani kwake, ufagio ukavuta viatu vyake vya kuchezea mpira kutoka chini ya kitanda. Tope lilikuwa limekauka hadi likapasuka, kamba bado zimefungwa. Huyu ni mtoto aliyekuwa anaviosha kila Jumamosi bila kuambiwa. Nikahesabu: wiki sita hajagusa mpira, na mimi baba yake sikuona.

Hapo ndipo pa kuangalia, dada. Kulala kwa kuchelewa ni kawaida ya umri huo. Kuacha alichokipenda, na huzuni au hasira isiyomtoka kwa wiki mbili na zaidi, hiyo ni dalili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Wala si jambo la nadra: Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili.

Nilimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Niliogopa sana, lakini kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Alikaa kimya, akasema, "Mara nyingine, baba." Usiku ule nilifungia dawa zote kabatini, nikatandika godoro sakafuni kando ya kitanda chake, na asubuhi tukaenda hospitali pamoja. Alianza ushauri nasaha wiki hiyo hiyo.

Wako aliacha nini, na tangu lini? Anzia hapo leo, habari ya simu iache kwanza.